Mbegu Husubiri, Mche Hausubiri



Tunawaandikia mama zetu, dada zetu na jamaa wote wa pwani juu ya jambo lionekanalo dogo kwa macho, lakini ni zito kwa mfuko wa nyumba: ununuzi wa miche ya mboga kabla ya wakati wake. Sisi tunaoandika ni wanawake kadhaa tuliozaliwa Mombasa, Malindi na Lamu, tukaletwa Griftu na ndoa au na kazi. Griftu ni mji mdogo katika kaunti ya Wajir, upande wa magharibi wa mji wa Wajir wenyewe, katikati ya nchi ya ngamia na mbuzi. Hapa petu hapana mto wala mfereji. Anayetaka kula mboga iliyooteshwa kwa mkono wake hana budi kuitafutia maji kwanza, ndipo aitafutie udongo.

Pwani tulilelewa kwa methali isemayo kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu methali hiyo ilikuwa na ukweli wake. Mawingu yakitanda juu ya bahari mwezi wa Aprili, mama huanua nguo kambani bila ya kuuliza. Huku bara ya kaskazini mawingu huja yakapita. Hutanda alasiri nzima, yakatia giza, yakaleta upepo wa baridi na harufu ya mchanga uliorowa mbali, kisha jioni anga likawa safi kama sahani iliyosuguliwa. Mji wa Mombasa hupata mvua ipitayo milimita 1,000 kwa mwaka. Wajir hupata takriban milimita 300, na hata hizo hazigawanywi sawasawa: pengine robo ya mvua ya mwaka mzima hushuka kwa siku mbili, ikakimbilia mabondeni, na ardhi iliyo juu ikabaki vile vile.

Wenyeji wetu Wasomali wameugawa mwaka kwa majina manne. Jilaal ni kiangazi kikali cha kuanzia Januari hadi Machi. Gu ni mvua kubwa, ambayo kilele chake ni Aprili. Hagaa ni ukavu wa upepo wa katikati ya mwaka. Deyr ni mvua za Oktoba na Novemba. Mpwani hapati taabu kuyaelewa majina haya, kwani na sisi tuna kaskazi na kusi, mwaka na vuli. Tofauti ni kuwa pwani msimu ukichelewa wiki mbili watu hunung'unika, ilhali huku msimu unaweza kukosa kuja kabisa. Kuanzia mvua za mwisho wa 2020 hadi za mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilipungua au ikakosekana, mifugo ikafa kwa wingi usiosemeka. Kisha katika miezi ya mwisho ya 2023 yakaja mafuriko ya El Niño, barabara zikakatika, na watu wale wale waliokuwa wakilia ukame wakahamishwa na maji. Katika nchi ya namna hii, kuupanga msimu ni kazi ya unyenyekevu.

Tumewahi kuulizwa na jamaa zetu kwa nini tusifuate kalenda tu. Jawabu ni kuwa kalenda tunayoishika kwa ibada haikuwekwa kwa ajili ya kilimo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo mwezi mmoja wa Kiislamu huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo, ndiyo maana pamoja na miezi ya Kiislamu walishika hesabu ya Nairuzi, yaani mwaka wa jua wa siku 365 unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, ili mkulima ajue lini apande na nahodha ajue lini atweke tanga. Wafugaji wa huku nao wana hesabu yao ya mwaka wa jua, na hutazama nyota, pepo na miti. Baadhi ya miti ya nyikani huchipua majani mabichi kabla tone la kwanza halijashuka, na mchunga ngamia akiyaona hayo hulipa uzito kuliko wingu.

Tumeitaja Hijria kwa sababu maalumu. Katika miaka hii ya karibuni, Ramadhani imekuwa ikirudi nyuma kuelekea kiangazi. Mwaka 2022 ilianza mapema Aprili, mwaka 2023 mwishoni mwa Machi, mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi, nayo itazidi kurudi hata mwaka 2030 iingie mara mbili, Januari na tena Disemba. Maana yake ni kuwa mwezi ambao kila nyumba hutaka nyanya za sambusa na kachumbari, dania ya supu na pilipili za mchuzi, sasa umekaa ndani ya Jilaal, wakati ambapo hapa hakuna kinachoota. Nyanya zinazofika zimesafiri safari ndefu kwa lori, nyingine zimepondeka njiani, na bei yake hupanda kadiri mwezi unavyokaribia. Basi mama anayetazama sufuria yake mwezi wa Shaaban huingiwa na hamu ambayo si ya ulafi. Ni hamu ya kuwafuturisha watoto wake kwa kitu kibichi bila ya kukopa dukani.

Hamu hiyo ndiyo soko la miche. Shaaban moja ya karibuni, iliyoangukia Februari, zilifika mjini trei za miche ya nyanya, sukuma wiki na pilipili hoho. Ilikuwa mizuri ajabu: mirefu, kijani laini, majani yake yaking'aa kama yaliyopakwa mafuta. Ililelewa katika vitalu vya nchi za baridi, chini ya vyandarua vya kivuli, ikinyweshwa mara kwa mara, kisha ikasafirishwa usiku kwa gari. Bei ilikuwa shilingi 10 kwa mche. Mwenye duka alikuwa na maneno matamu, na siku ile ile mawingu yalitanda. Katika chama chetu, ambacho wenyeji hukiita ayuto, tulilizungumza jambo hilo kwa kirefu. Mama mmoja mzee ambaye sote tunamwita ayeeyo, yaani bibi, aliinama akachimba mchanga kwa vidole mpaka kiwiko kikamfikia ardhini, akautoa ule wa chini na kuumimina kiganjani mwetu. Ulikuwa mkavu na wa moto. Hakusema neno zaidi ya hilo, nasi tukaziweka fedha za chama mahali pake.

Jirani yetu mmoja, mjane kijana mwenye watoto wanne, hakuwa katika chama. Alikopa shilingi 2,000 kwa ndugu wa mumewe, akanunua miche 200. Hatumlaumu, na tunaomba msomaji naye asimlaumu. Hesabu yake ilikuwa na akili: kama nusu tu ya miche ile ingezaa, angelipa deni na akabaki na mboga ya kuuza hadi Idi. Aliipanda kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mwalimu. Siku ya tatu majani yakaanza kujikunja. Siku ya nne upepo ukavuma tangu adhuhuri. Siku ya sita mashina yalikuwa yamesinyaa na kugeuka rangi ya majani ya chai, na machache yaliyosalia wakayamaliza mbuzi. Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya tatu, ikadumu nusu saa, watu wakatoka nje kushukuru. Kisha jua likarudi siku 16 mfululizo. Kwa hiyo hata kama miche yake ingeikuta mvua ile, isingefika Aprili.

Kwa nini ife upesi hivyo, na hali ilikuwa imenyweshwa asubuhi na jioni? Tuliuliza wenye elimu ya kilimo, na jawabu lao ni jepesi kulishika. Mche uliolelewa kivulini hujenga majani mapana na membamba, na ngozi ya jani lake haina utando mzito wa nta unaozuia maji kutoka. Mizizi yake ni kidogo, kwa kuwa imekaa katika kijitundu cha trei kisichozidi upana wa vidole viwili. Ukiutoa humo na kuutia katika jua la Februari, ambapo joto la mchana hupita nyuzi 35, majani hupoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta. Kiu hiyo haitibiwi na ndoo, kwa sababu tatizo si uhaba wa maji ardhini peke yake. Mlango wa kuyaingizia maji ni mwembamba, na mlango wa kuyatokezea uko wazi. Tena maji ya visima vingi vya Wajir yana chumvi. Ngamia huyanywa bila ya shida, na mti mkubwa huyavumilia, lakini mche mchanga huungua ncha za majani na kudumaa.

Hata ule uliobahatika kupona una mtihani mwingine mbele yake. Nyanya ikitoa maua katika joto linalopita nyuzi 35 mchana, na usiku usipopoa, chavua yake huharibika na maua hupukutika kabla ya kushika tunda. Mtu anaweza kuuhudumia mnyanya miezi miwili, ukawa mrefu hata kifuani, asile hata nyanya moja. Hasara hii ni chungu kuliko ya kwanza, kwani ya kwanza humaliza fedha, na hii humaliza fedha na nguvu za mwili.

Sasa tuiweke hesabu mezani, maana mama wa nyumba huamini hesabu. Miche 200 kwa shilingi 10 ni shilingi 2,000. Watu wengi huishia hapo. Lakini kila mche uliopandwa nje katika kiangazi hutaka walau lita moja kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Hiyo ni lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20. Mtungi mmoja wa maji yaletwayo kwa mkokoteni wa punda, siku zile, tuliununua kwa shilingi 20. Basi kila siku ya kuingoja mvua ni shilingi 200, na baada ya siku 10 maji yamekula sawa na bei ya miche yote. Ukiingoja mvua siku 40, umelipa shilingi 8,000 kwa maji ili kuihifadhi miche ya shilingi 2,000. Mche ni rahisi. Kinachogharimu ni kuusubirisha. Na hayo ni maji ambayo nyumba nyingine ingeyapikia na kuyaoshea watoto.

Baada ya miche ya jirani yetu kufa, liliibuka swali ambalo lilitushughulisha kuliko kilimo chenyewe: hasara ile ni ya nani? Mwenye duka alisema ameuza miche mizima, mnunuzi ameiona na kuichukua kwa ridhaa yake. Neno hilo ni kweli. Jirani yetu alisema aliambiwa mvua i karibu. Na hilo lilikuwa kweli pia. Wazee waliokaa kulisikiliza walikumbusha kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza matunda yasiuzwe mtini kabla kufaa kwake hakujadhihiri, na hekima iliyopokewa ni kuwa iwapo Mwenyezi Mungu atayazuia matunda yale yasitimie, muuzaji hatakuwa na njia ya halali ya kuila mali ya ndugu yake. Mche uliokabidhiwa mkononi si tunda lililo mtini, na sisi si wenye kutoa fatwa. Hata hivyo kila aliyekuwepo aliona kuwa hekima ya katazo lile inaugusa mlango huu: anayejua kuwa kitu hakina matumaini ya kutimia, na anayemuuzia hajui, wamesimama mizani isiyo sawa.

Mwenye duka naye alipopewa nafasi alisema jambo lililotunyamazisha. Alisema trei zile alizichukua kwa mkopo. Mwenye kitalu humpelekea mzigo wakati miche imefika kimo, si wakati ambapo Griftu imepata mvua. Mche wa nyanya hukaa trei wiki nne hadi sita. Ukizidi hapo mizizi hujizungusha na kubanana, majani ya chini hugeuka manjano, na shina hurefuka bila ya nguvu. Kila siku unapokaa dukani unazeeka. Basi yeye huwa na haraka ya kuuza kwa sababu amesukumwa, na aliyemsukuma naye amesukumwa na kitalu kinachotaka nafasi ya mbegu nyingine. Tulipomsikiliza tuliona jinsi haraka inavyopokezanwa kutoka mkono hadi mkono, mwenye uwezo akimtupia asiye na uwezo, mpaka ikatua kwa mjane mwenye watoto wanne, ambaye hana wa kumpokeza. Mwishowe mwenye duka alikubali kumpa miche mingine 80 msimu ukithibiti, bila ya malipo. Deni la shilingi 2,000 lilibaki, na tulilichangia kwa kadiri ya uwezo wetu. Nusu yake alilipa mwenyewe kwa kufua nguo.

Tusidhani kuwa mtego huu ni wa nchi kavu pekee. Dada zetu walio Minneapolis, ambako jamaa wengi wa Garissa na Wajir wamefanya makao, hutueleza kuwa huko maduka hupanga miche ya nyanya milangoni mwezi wa Aprili, siku ya kwanza jua linapochomoza na watu kuvua makoti. Kisha usiku mmoja jalidi hushuka, na asubuhi bustani nzima imekuwa nyeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto. Huko muuaji ni baridi, huku ni joto, lakini hila ni moja: siku moja nzuri imetangazwa kuwa msimu. Wakulima wa Ujerumani na nchi za jirani yake wana desturi ya zamani ya kutoutoa nje mche laini hadi zipite siku fulani za baridi za katikati ya Mei, ambazo wamezipa jina lake kabisa. Kila kaumu iliyoishi na ardhi muda mrefu imejifunza kuipa jina ile siku inayodanganya.

Wapo wanaotujibu kwa hadithi ya Mtume kuhusu mtu ambaye Kiyama kimemfikia na mkononi ana mche, akaambiwa kama anaweza kuupanda na aupande. Husema, vipi basi nyinyi mwatwambia tungoje? Tunaipokea hadithi hiyo kwa heshima, nayo hutupa nguvu katika nchi hii ambapo mtu anaweza kukata tamaa ya kupanda chochote. Lakini tunavyoifahamu ni mafundisho ya kutovunjika moyo katika tendo jema, na haikumwamuru mtu anunue kwa mkopo kitu anachojua kitakauka. Yule bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, aliambiwa amfunge kisha atawakali. Katika bustani, kumfunga ngamia ni kuupima udongo.

Je, dawa ni kungoja tu? La. Kungoja mikono mitupu nako kuna hasara yake, na ni uaminifu tuiseme. Gu ni fupi. Mvua ya kweli hudumu pengine wiki sita hadi nane. Nyanya tangu mbegu hadi tunda la kwanza hutaka miezi mitatu na nusu au minne. Anayeanza kuotesha mbegu baada ya mvua kushika, miche yake itafika kimo mvua ikiisha, na itazaa, kama itazaa, katika upepo wa Hagaa. Kwa hiyo aliyechelewa sana na aliyewahi sana hukutana mahali pamoja. Jambo tulilojifunza kutoka kwa ayeeyo na kwa maafisa wa kilimo ni kuzitenganisha kazi mbili ambazo duka limeziunganisha: kuotesha na kupandikiza. Kuotesha kunataka kuwahi. Kupandikiza kunataka subira.

Chama chetu sasa huotesha wenyewe. Tunatengeneza kitalu cha mita moja kwa mbili chini ya mgunga, pembeni mwa ua, tukakizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi na kukifunika kwa mkeka mkuukuu ulioinuliwa juu ya vijiti. Kitalu hicho hubeba miche 200 bila ya taabu, na maji yake ni mtungi mmoja kwa siku, shilingi 20, wala si 200. Maji ya kunywesha tunayakinga kwenye mapaa msimu wa mvua uliotangulia, kwa kuwa hayana chumvi, na kila nyumba huchangia kidogo. Mbegu tunaigawa mafungu matatu, tukasia fungu moja kila baada ya wiki mbili. Mvua ikiwahi, fungu la kwanza liko tayari. Ikichelewa, la kwanza limezeeka lakini la pili limefika. Mbegu iliyobaki hukaa katika pakiti yake, mahali pakavu penye kivuli, bila ya kula wala kunywa, hata msimu ufuatao. Hii ndiyo tofauti kubwa ya mbegu na mche. Mbegu husubiri, mche hausubiri.

Siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza, tunaizoeza miche. Mkeka unaondolewa saa moja asubuhi, kesho yake saa mbili, hivyo hivyo hadi miche ikae juani mchana kutwa, na maji yanapunguzwa kidogo kidogo bila ya kuiacha inyauke. Shina hunenepa, jani huwa gumu na zito. Ukiutazama mche uliozoezwa kando ya ule wa trei, utaona wa trei unapendeza zaidi. Asiyejua angechagua ule.

Na msimu tunaujuaje? Wataalamu wa hali ya hewa Afrika Mashariki wana kipimo wanachokitumia sana: mvua ifikie takriban milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu, wala isifuatwe na ukavu mrefu katika mwezi unaofuata. Sehemu ya pili ya kipimo hicho hakuna binadamu aijuaye kwa yakini, lakini utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, pamoja na taarifa za kila mwezi za mamlaka ya kudhibiti ukame, humpunguzia mtu kubahatisha. Sehemu ya kwanza twaweza kuipima wenyewe. Tunaweka kopo lenye kuta zilizonyooka uwanjani, mbali na paa, na mvua ikikatika tunatia rula ya mtoto wa shule. Kisha tunachimba. Unyevu ukifika kina cha kiganja na zaidi, na mvua ya pili ikaja kabla ya wiki kwisha, tunapandikiza jioni baada ya Alasiri, kila mche ukatiwa samadi iliyooza, matandazo ya nyasi kavu shinani na kivuli cha tawi kwa siku tano.

Kwa nyumba isiyo na nafasi ya kitalu, na inayotaka kununua dukani, twasema: nunueni, lakini msinunue kwa macho. Chagueni mche mfupi mnene kuliko mrefu mwembamba, wenye majani ya kweli manne hadi sita, usio na maua wala tunda, kwani mche uliochanua ndani ya trei umeshachoka. Uchomoeni mmoja mtazame mizizi: iwe myeupe, isiwe ya rangi ya kahawa iliyojizungusha. Muulizeni muuzaji umekaa juani siku ngapi. Kama hakuna jibu, uwekeni kivulini nyumbani muuzoeze wenyewe wiki nzima. Zaidi ya yote, kubalianeni naye mapema, mkiwa kikundi, kuwa mzigo ufike msimu ukithibiti. Mwenye duka wetu sasa hufanya hivyo, kwa kuwa wanunuzi 12 wanaokuja pamoja huweza kumngojesha, na mmoja peke yake hawezi.

Na Ramadhani? Ramadhani hiyo hatukufuturu kwa nyanya za ua wetu, wala miaka kadhaa ijayo hatutafuturu nazo. Tulinunua chache kwa bei ya mwezi, tukazitumia kwa kipimo. Kilichotusitiri ni kunde na mchicha, ambavyo havihitaji mche kabisa: mbegu hutiwa ardhini pale pale, na mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Vitanda viwili vidogo karibu na mahali pa kutawadhia, vikinyweshwa kwa maji yale yale ya udhu, vilitupa mboga ya daku mara mbili kwa wiki. Jirani yetu sasa ana kitanda kama hicho, na miche yake 80 ilipandwa Aprili ilipothibiti. Si yote iliyopona. Iliyopona ilimpa nyanya za kuuza wiki tano.

Tuna ombi kwa wasomaji wetu. Wengi wenu hutuuliza mtuletee nini mkija kututembelea baada ya Idi, nasi huona haya kusema. Safari hii tumekubaliana tuseme. Msituletee miche, hata kama ni mizuri na njia ni fupi kwa ndege. Tuleteeni mbegu: mchicha wa kienyeji, kunde, bamia, mabiringanya, kila aina katika bahasha yake, na mwezi iliyovunwa umeandikwa juu. Sisi tutaziweka mahali pakavu mpaka wakati wake ufike, inshallah, na mkija tena mtazikuta sahanini.